Thomas Chippendale: seremala wa viti vya matajiri aliyeishi kwa kudai

Ukishuka mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, utakuta boti za mbao zimejipanga ufukweni. Nyingi zina jina ubavuni: jina la mtoto wa tajiri mwenye boti, jina la kijiji alikotoka, au neno la kumshukuru Mungu. Jina la fundi aliyezipigilia mbao hizo huwezi kuliona. Kwa meza na viti ni hivyo hivyo. Mwulize mwenye nyumba seti yake ya meza ya chakula ilitoka wapi, atakutajia aina ya mbao na bei aliyotoa. Jina la seremala mara nyingi ameshalisahau.

Katika makala hii tunasimulia maisha ya seremala mmoja ambaye jina lake halikusahaulika. Ni Thomas Chippendale, Mwingereza aliyefariki karibu miaka 250 iliyopita. Mpaka leo viti vya kulia chakula vya mahogani vyenye nakshi huitwa kwa jina lake katika nchi nyingi, hata vile ambavyo hakuvigusa. Hata hivyo hakuwa na desturi ya kuandika jina lake kwenye kiti, na kwa miaka mingi alihangaika kudai fedha za kazi ambayo alikuwa ameshaimaliza. Tumeona habari zake zitawafaa mafundi wetu, na pia yeyote anayeagiza samani kwa fundi.

Mtoto wa seremala

Chippendale alizaliwa Otley, mji mdogo wa soko kando ya mto Wharfe, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Kumbukumbu za kanisa zinaonyesha alibatizwa tarehe 5 Juni 1718. Baba yake, John Chippendale, alikuwa seremala. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia kwenye vumbi la mbao, kama watoto wengi wa mafundi wanavyokua hapa kwetu, wakiokota maranda kabla hawajaruhusiwa kushika randa.

Tunamkuta tena akiwa kijana wa karibu miaka 30, tayari yuko London. Tarehe 19 Mei 1748 alimwoa Catherine Redshaw katika kanisa dogo la mtaa wa Mayfair. Walijaliwa watoto tisa. Mkubwa wa kiume aliitwa Thomas kama baba yake, na tutakutana naye tena mbele.

London ya wakati ule ilikuwa na matajiri wengi waliokuwa wakijenga majumba mapya, na kila jumba lilihitaji vitanda, makabati, meza na viti. Lakini mafundi nao walikuwa wengi. Kijana aliyetoka mkoani bila jina na bila mtaji asingeweza kupata wateja wakubwa kwa ufundi peke yake. Chippendale alilitambua hilo mapema, na mwaka 1754 alifanya mambo mawili yaliyobadilisha maisha yake.

La kwanza, alipata mshirika. Huyo alikuwa James Rannie, Mskoti mwenye fedha. Rannie alitoa mtaji, Chippendale akatoa ufundi. Wakapanga nyumba katika barabara ya St Martin's Lane, mtaa uliokuwa na mafundi na wasanii wengi, wakafungua duka mbele na karakana nyuma.

La pili, alitoa kitabu.

Kitabu cha picha za viti

Kitabu hicho kiliitwa The Gentleman and Cabinet-Maker's Director. Jina lenyewe linawataja watu wawili: bwana mwenye fedha na fundi wa samani. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye kurasa 160 za michoro ya viti, meza, makabati, vitanda na fremu za vioo. Michoro ilichongwa kwenye mabamba ya shaba kisha ikachapwa kwenye karatasi. Watu zaidi ya 300 walijiandikisha kukinunua, miongoni mwao wakiwa makabaila, na pia mafundi wenzake wengi.

Leo mteja akienda kwa seremala anafungua simu, anaonyesha picha na kusema anataka kiti kama kile. Chippendale aliwapa watu wa wakati wake uwezo huo huo kwa karatasi. Tajiri aliyekaa mbali na London aliweza kuweka kidole kwenye mchoro na kuagiza. Fundi wa mji mdogo naye aliweza kununua kitabu na kuiga.

Wapo watakaouliza: je, hakuogopa kuibiwa kazi? Kweli aliigwa sana. Mafundi wa Uingereza, wa Ireland na wa Philadelphia huko Amerika walichonga viti wakifuata michoro yake au wakiichanganya na mitindo yao. Lakini kila aliyeiga alikuwa amebeba jina la mwenye kitabu. Kitabu kilichapwa tena mwaka 1755, na toleo la tatu lilitoka mwaka 1762 likiwa na kurasa 200 za michoro. Hivyo ndivyo jina la mtu mmoja wa Otley lilivyogeuka kuwa jina la mtindo mzima wa samani.

Moto wa 1755

Biashara ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili pale St Martin's Lane ilipopata pigo. Mwezi Aprili 1755 moto ulizuka katika karakana ukaiteketeza. Magazeti ya London yaliandika kwamba masanduku ya mafundi 22 yaliungua humo.

Msikilizaji ambaye ni fundi ataelewa uzito wa habari hiyo. Sanduku la seremala ndilo lenye patasi zake, randa zake na misumeno yake, vitu alivyonunua kimoja kimoja kwa miaka mingi. Likiungua, fundi anabaki na mikono mitupu. Karakana ilijengwa upya na kazi ikaendelea. Idadi hiyo ya masanduku inatuonyesha pia kwamba Chippendale hakuwa mtu mmoja aliyeinama kwenye benchi lake. Aliongoza watu wengi: wakata mbao, wachonga nakshi, wapaka dhahabu, washonaji wa vitambaa vya viti. Yeye alionana na wateja, alichora, alipanga bei na kusimamia ubora. Alileta mpaka mapazia na karatasi za kupamba kuta. Tajiri angeweza kumkabidhi nyumba tupu, akairudia ikiwa imekamilika.

Mbao zilikotoka

Viti vingi vya kulia chakula vya enzi ile vilitengenezwa kwa mahogani, na mahogani haioti Uingereza. Mwaka 1721 serikali ya Uingereza iliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika. Tangu hapo mbao hizo zikaanza kuingia kwa wingi, kwanza kutoka Jamaika, baadaye pia kutoka Cuba na pwani ya Honduras.

Mafundi waliipenda mara moja. Mti wake ni mnene, kwa hiyo unatoa ubao mpana. Haipindi hovyo, wadudu hawaipendi, na patasi inapopita inaacha ukingo mkali usiomeguka. Ndiyo maana iliwezekana kuchonga utepe, jani au ua kwenye egemeo jembamba la kiti bila kiti kuvunjika.

Lakini aliyekata mti huo alikuwa mtumwa. Katika nchi ambayo leo inaitwa Belize, watumwa wenye asili ya Afrika walipelekwa msituni kwa makundi. Mmoja wao, mwenye jicho zuri, alipanda mti mrefu kuangalia mbali ni wapi mahogani imesimama. Wengine walijenga jukwaa kuzunguka shina na kukata kwa shoka wakiwa juu ya jukwaa hilo. Magogo yaliburutwa mpaka mtoni na kusubiri mvua, maji yakijaa yakaelea mpaka baharini.

Wateja wenyewe nao hawakuwa mbali na biashara hiyo. Mteja mkubwa kuliko wote wa Chippendale alikuwa Edwin Lascelles, mwenye jumba la Harewood, jirani na Otley alikozaliwa seremala wetu. Utajiri wa familia ya Lascelles ulitokana na sukari ya visiwa vya Karibi, hasa Barbados, iliyolimwa na watumwa. Watu wa kanda yetu wanaijua hadithi inayofanana na hiyo. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka bara mpaka Bagamoyo, zikaishia kuwa vitufe vya piano kwenye sebule za Ulaya na Marekani. Kitu kizuri kikifika sebuleni, safari yake haionekani.

Na ukitaka kuijua mahogani kwa macho, huna haja ya kwenda Jamaika. Mkangazi wetu, ambao kwa kitaalamu huitwa Khaya, ni wa ukoo mmoja nayo, na wafanyabiashara wa mbao huuita mahogani ya Afrika. Hata mwarobaini ulio uani kwako ni wa ukoo huo huo. Mninga tunaoupenda kwa samani ni wa ukoo mwingine kabisa.

Kiti chenyewe

Kiti kizuri cha kulia chakula cha mtindo wa Chippendale kinatambulika kwa egemeo. Katikati yake kuna ubao uliotobolewa na kuchongwa mpaka unafanana na utepe uliofungwa, au dirisha la kanisa la kale, au vipande vya fito vilivyopishana kwa mtindo wa Kichina. Miguu ya nyuma na nguzo za egemeo ni ubao mmoja uliokatwa kwa mpindo, haukuungwa. Hapo ndipo kiti kinapopata nguvu, maana mtu akishiba huegemea. Viungo vya kiti ni vya ulimi unaoingia kwenye tundu, vikakazwa kwa gundi.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Viti vingi vinavyouzwa kwa jina la Chippendale vina miguu inayoishia kwa kucha za ndege zilizoshika mpira. Katika kitabu chake hakuna hata mchoro mmoja wa mguu wa namna hiyo. Mguu huo ulikuwepo kabla yake, na mafundi wengine wakaendelea kuuchonga. Jina lilipokuwa kubwa, likameza na kazi za wengine.

Bei zake hazikuwa za mtu wa kawaida. Mwaka 1768 alimtengenezea Sir Rowland Winn, mwenye jumba la Nostell huko Yorkshire, viti sita vya mahogani vya maktaba, vyenye nakshi nyingi na mikono ya kuegemea, kwa pauni 36. Kila kiti kilikuwa pauni sita. Kibarua wa London wa siku zile angefanya kazi zaidi ya miezi miwili kupata fedha ya kiti kimoja, bila kula. Meza kubwa ya maktaba hiyo hiyo, mwaka mmoja kabla, ilikuwa pauni 72 na shilingi 10. Shilingi hizo ndizo zilizozaa jina la shilingi yetu. 20 zilifanya pauni moja.

Kazi imeisha, fedha haijaja

Ukisikia bei hizo utadhani Chippendale alikuwa tajiri. Tatizo ni kwamba bei iliyoandikwa si fedha iliyolipwa.

Desturi ya mabwana wa Uingereza ilikuwa kuchukua vitu kwa mali kauli. Fundi alileta samani, akaandika hesabu, akasubiri. Wapo waliolipa baada ya mwaka, wapo waliolipa kidogo kidogo kwa miaka. Wakati huo huo muuza mbao alitaka chake, mwenye nyumba alitaka kodi, na mafundi walitaka ujira wao kila juma. Barua alizomwandikia Winn wa Nostell zimehifadhiwa mpaka leo. Ndani yake tunamwona fundi mkubwa kuliko wote wa nchi yake akiomba radhi kwa kuchelewesha kazi, kisha akibembeleza alipwe sehemu ya deni ili aweze kuendelea. Mteja alilalamika kazi imechelewa, fundi akachelewa kwa sababu hana fedha za kununulia vifaa. Sidhani kuna seremala wa kwetu atakayehitaji kuelezwa zaidi hapo.

Mwaka 1766 Rannie alifariki. Waliosimamia mirathi walitaka fedha ya marehemu itoke kwenye biashara, na sehemu ya bidhaa ikapigwa mnada. Kwa miaka kadhaa Chippendale alisukuma mambo kwa shida. Mwaka 1771 Thomas Haig, aliyekuwa mtunza hesabu wa Rannie, aliingia kuwa mshirika mpya, na biashara ikapata pumzi.

Katika kipindi hicho kigumu alijikwaa pia kwa serikali. Mwaka 1769 aliingiza kutoka Ufaransa fremu 60 za viti ambazo hazijamalizika, akatangaza thamani ndogo kwa maofisa wa forodha. Wakagundua, wakazikamata. Hatumsimulii kama malaika. Alikuwa mfanyabiashara aliyebanwa, akatafuta njia ya mkato, ikamgharimu.

Na bado kazi za miaka hiyo ndizo bora kuliko zote. Harewood peke yake ilifikia zaidi ya pauni 10,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule.

Mwisho wake

Catherine alifariki mwaka 1772. Mwaka 1777 Chippendale alimwoa Elizabeth Davis, wakapata watoto wengine. Miaka yake ya mwisho karakana iliendeshwa zaidi na mwanawe Thomas pamoja na Haig. Mzee mwenyewe alikuwa akiugua kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa. Alifariki Novemba 1779, akiwa na miaka 61, na akazikwa tarehe 16 ya mwezi huo katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, hatua chache kutoka karakana yake. Hakuacha mali inayolingana na majumba aliyoyajaza.

Mwanawe alikuwa fundi hodari kama baba, lakini alirithi pia tatizo la madeni. Mwaka 1804 alifilisika, na vitu vya dukani vikauzwa kwa mnada.

Anajulikanaje, kama hakuandika jina?

Huko Paris, chama cha mafundi kiliwataka mabingwa wa samani kupiga mhuri wa jina kwenye kazi zao. London hapakuwa na sharti hilo. Kwa hiyo kiti cha Chippendale chenyewe kimekaa kimya. Kinachosema ni karatasi.

Katika majumba kama Nostell, Harewood na Dumfries House huko Scotland, hesabu zake za zamani zilitunzwa. Aliandika kila kitu: viti vingapi, mbao gani, nakshi ya namna gani, kitambaa cha rangi gani, bei gani. Watafiti wanachukua karatasi, wanaingia chumbani, wanalinganisha maelezo na kiti kilichopo. Vikilingana, hapo ndipo wanapotamka kwamba hiki ni cha Chippendale. Kiti kisicho na karatasi, hata kiwe kizuri namna gani, wauzaji waaminifu husema tu ni cha mtindo wake. Tofauti ya bei kati ya hivyo viwili ni kubwa mno. Mwaka 2007 Dumfries House ilipotaka kuuzwa pamoja na samani zake, fedha zilizochangwa kuliokoa zilikuwa pauni milioni 45, na samani za Chippendale zilikuwa sababu kubwa ya kuhangaika kote huko. Leo sanamu yake imesimama Otley, na mwaka 2018 Waingereza waliadhimisha miaka 300 tangu azaliwe.

Tunachojifunza

Tumesimulia habari hizi kwa sababu karakana za kando ya barabara hapa Mwanza, na zile za vijijini mnakotusikilizia, zina mafundi wanaokutana na mambo yale yale. Fundi anapewa advansi ndogo isiyofika hata bei ya mbao, anaanza kazi, mteja anapotea. Au fundi anapokea advansi ya mteja wa pili ili amalizie kiti cha wa kwanza, na mwisho wote wawili wanamwita mwongo.

Chippendale hakulitatua tatizo la malipo, na lilimwandama mpaka mwisho. Lakini mambo mawili aliyoyafanya yanawezekana hata kwa fundi mwenye simu ya bei ndogo. Aliweka kumbukumbu ya michoro yake. Wewe piga picha ya kila kazi kabla haijatoka karakanani, uitunze. Aliandika hesabu zenye maelezo kamili. Wewe andika kwenye daftari, au tuma kwa ujumbe, aina ya mbao, idadi, bei, kilicholipwa, kilichobaki na tarehe ya kumaliza, na mteja ajibu kwamba amekubali. Ujumbe huo utakusaidia siku ya ubishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji.

Kwa wewe mteja, neno letu ni fupi. Advansi itoshe angalau mbao, na kiti kikishafika nyumbani kwako, malizia deni. Kisha kigeuze juu chini, chukua kalamu, uandike chini ya kikalio jina la fundi, mahali na mwaka. Wajukuu wako watakapokikalia, watajua ni mikono ya nani.